Kona

Manispaa ilinipa brashi, sabuni ya unga,
gari lenye tangi la maji, na neno moja: futa.
Mtu amechora barabara usiku.
Mstari wa buluu, upana wa mkeka,
unaanzia nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki,
unavuka kwenye taa bila kungoja kijani,
unapanda ngazi za benki, unaishia mlangoni,
kisha unatokea upande wa pili
kama mtu aliyeambiwa hana akaunti.

Nilimkuta angali amepiga magoti,
Iranilde, bukta imekakamaa kwa rangi,
kando yake ramani kuukuu ya Manaus
imekaliwa na matofali manne isipeperuke.
Sikumuuliza anachora nini.
Jacundá. Jina la samaki mwenye doa mkiani,
na la kijito walichokizika kikiwa hai
nilipokuwa darasa la tatu.

Nyumba yetu ilisimama humo kwa miguu minane;
mmoja ulioza,
baba aliutengeneza kila mwaka kwa ahadi.
Mama aliteka maji kwenye tundu la sakafu,
na kwa tundu hilohilo
kuku wetu Baronesa alitutoka bila kuaga.
Kisha yakaja mabomba mapana kuliko sebule,
zikaja karatasi za kutia dole gumba.
Tukapewa ghorofa ya nne.
Hadi leo mama, akitaka kumwaga maji ya vyombo,
hutazama kwanza chini,
kwenye saruji,
kutafuta tundu.

"Hapa kinakunja kushoto," Iranilde alisema, kidole kwenye ramani.
"Hakikunji," nikasema,
kabla sijakumbuka nani ananilipa.

Ndipo Zulmira akauacha mtungi wake wa supu:
kilikunja, tena kulia, penye mburiti,
hapo ndipo alipofulia nepi za mapacha.
Mburiti gani? Anfrísio kinyozi alitoka na wembe mkononi,
nyuma yake mteja mwenye shavu moja la povu.
Hapakuwa na mburiti. Palikuwa na mti wa sufi,
na mdiria akitua juu yake kila saa kumi na moja,
ungeweza kumtegea saa.
Halafu, nani kawaambia maji yale yalikuwa buluu?
Yalikuwa meusi, bibi,
meusi kama chai iliyosahaulika jikoni.

Iranilde hakubisha. Aligawa brashi.
Kufikia adhuhuri vijito vilikuwa vitatu,
kila kimoja na mashahidi wake,
na mteja wa Anfrísio, povu limemkauka,
anachora mdiria mwenye miguu ya bata.
Simu ikalia. Msimamizi: umefika wapi?
"Naendelea," nikasema,
na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikudanganya kazini.

Saa tisa mvua ilishuka, ile ya Machi,
isiyonyesha bali kuhamia.
Kifuniko cha chuma katikati ya njia
kikacheza kama cha sufuria ya maharage,
kikaruka.
Maji yakatoka, meusi, yananuka mafuta na majani,
hayakukunja kushoto, hayakukunja kulia,
hayakutazama ramani wala nepi wala mti.
Yalikwenda moja kwa moja benki,
yakaingia bila kupanga foleni.
Mwenda kwao si mtoro.

Tulisimama chini ya bati la kinyozi, tumelowa,
kila mmoja amekosea.
"Wamekihamisha," Anfrísio alinong'ona, "wamekihamisha wale."
Zulmira alikuwa anacheka, au kitu kama hicho.
Buluu yote ilikuwa inaelekea mtoni.

Kwenye ripoti niliandika: Imefutika.
Sikutaja nani kafuta.
Jumamosi nikapita kwa muuza rangi,
nikanunua kopo dogo, la robo lita.
Akaniuliza, buluu?
Hapana, nikamwambia. Ile nyingine.